Risasi Tatu za Chinarkot

Barkand, Dir
29 Agosti 1994

Kaka Shamroz,

Assalamu alaikum.

Sasa hivi Zarka ameingiza kidole kwenye ganda la risasi na kimekwama. Alikuwa ametulia mno pale kizingitini, na mtoto wa miezi kumi na moja akitulia hivyo ujue kuna jambo. Nikageuka, namkuta ameinua mkono kama mfalme mwenye pete. Wala halii, ananionyesha tu. Nimekitoa kwa samli. Kidole ni chekundu lakini kizima, na samli aliyoilamba ndiyo iliyokuwa ya mboga ya jioni. Basi nimeona nikae nikuandikie, maana ganda hilo ndilo jambo lenyewe, na nimelizunguka siku nne nikitafuta pa kuanzia.

Ni la bunduki ya marehemu baba mkwe, ile ya jeshi la Mwingereza, ya risasi kumi. Shemeji Nazeef alikuletea kwenye duka lenu la bunduki huko Darra mwezi wa nne uikague kwa ajili ya harusi yake. Aliifuata mwezi wa tano, nayo ina kikaratasi chako kimefungwa kwenye kifyatulio: "Nzima. Risasi tano ndani ya kiganja." Niliwasomea wote uani. Mama mkwe alikibusu hicho kikaratasi japo hajui kusoma.

Siku nne zilizopita Nazeef alikwenda nayo mtoni kwa mara ya kwanza. Jiwe jeupe, hatua mia tatu. Risasi kumi, hakuna iliyoligusa. Zote zimeangukia upande wa kulia, na hata huko hazikukaa pamoja, moja huku nyingine kule, kama kuku waliotupiwa jiwe.

Unajua jinsi watu wa Chinarkot, kwao bibi harusi wa Nazeef, walivyo. Hawamtoi binti mpaka upande wa bwana harusi upige alama. Hata mimi nilitolewa hivyo hivyo. Baba yetu aliweka yai juu ya mwamba, na baba mkwe, mzee vile, kwa mkono wake wa kushoto, akalipasua kwa risasi ya kwanza, nawe ukalia ukasema ni moshi wa baruti. Sasa ami yake bibi harusi, yule Jarnail, ametuma neno: risasi tatu tu, kwenye jiwe atakaloweka yeye. Zikikosa zote, binti anabaki kwao hadi vuli ijayo, "na huenda kufikia hapo akapatikana mwenye kulenga." Harusi ni tarehe 14 Oktoba. Nazeef hali, anakunywa chai tu.

Mama mkwe ameitazama bunduki ilivyong'aa, kisha akaniambia mbele ya majirani: "Mtutu huu si wa mume wangu. Umebadilishwa. Uliza huyo kaka yako aliyesoma Kiingereza ameuuza kwa nani." Tangu siku hiyo haniiti mama Zarka. Ananiita dada wa fundi.

Mimi sikushuku, kaka. Nakuuliza mawili tu ili nipate la kujibu. Je, uligusa mtutu? Na je, uliipiga kwa mkono wako mwenyewe kabla ya kuirudisha?

Chini ya gundi ya bahasha nimeweka unywele mmoja wa Zarka. Usipouona, ujue barua imefunguliwa njiani.

Ni mimi dada yako,
Bakhtmina

*

Darra
6 Septemba 1994

Bakhtmina, mdogo wangu,

Waalaikum salaam. Unywele nimeuona, baada ya kuutafuta sana. Tafadhali andika herufi kubwa na ubonyeze kalamu, barua yako imenichosha kama kuchambua dengu gizani.

Hunishuku, lakini unaniuliza kama nimeiba. Haya. Nitakujibu kama ninavyowajibu wateja, kwa vile sasa umekuwa mteja.

Kila mtu anayeingia dukani na bunduki kuukuu ya jeshi anaangalia inavyong'aa. Mng'ao ni rangi tu, hata mimi naweza kumpaka punda aking'aa. Mtu wa kazi hii anatazama mdomo wa mtutu. Chukua risasi nzima, igeuze, ingiza ncha yake mdomoni taratibu. Ikizama mpaka kwenye ganda, mdomo umelika na bunduki haina adabu tena. Ikibaki nafasi ya upana wa punje ya ngano, bado ina maisha. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo. Marehemu alikuwa akiisafisha kwa kamba yenye kitambaa, akiipitisha ndani ya mtutu, kila Ijumaa kwa miaka thelathini, na kwa kuwa aliivuta kwa mkono wa kushoto, kamba imechimba kijifereji upande wa kushoto wa mdomo. Kidogo sana, macho hayakioni, kidole ndicho kinachokijua. Hakuna fundi wa Darra anayeweza kuiga hicho. Mtutu mpya ungekuwa na mdomo laini pande zote.

Hukuniuliza, lakini mimi nauliza: shemeji yako alipokuja kuichukua, alilala wapi usiku ule Peshawar? Bunduki ililala wapi? Vijana wanaokaribia kuoa huhitaji vitu vingi. Simsingizii mtu.

Mwambie mama mkwe wako kwamba mimi nimekagua bunduki elfu moja na hakuna aliyewahi kuniita mwizi mbele ya majirani. Nyuma ya majirani, sijui.

Mjomba wa Zarka,
Shamroz

*

Barkand
13 Septemba 1994

Kaka, au wewe uliyeandika kwa jina la kaka yangu,

Nimeisoma barua mara nne, na kila nikiisoma nasema huu si mwandiko wa Shamroz. Shamroz aliyenifundisha kuandika alikuwa akinichapa vidole kwa kalamu nikitoka kwenye mstari. Barua hii mistari yake inateremka kama mbuzi wanaoshuka mlima, na herufi ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nusu ya ukurasa maneno yamepandana. Kuna mtu anakuandikia? Kuna mtu ameketi pembeni anakuambia useme nini?

Kwa hiyo nakuuliza jambo ambalo kaka yangu peke yake analijua. Nilipokuwa darasa la tatu mbuzi alikula kitabu changu. Pembe zake zilikuwa ngapi, na nani alimwachia mlango?

Jingine. Nimeingiza risasi mdomoni kama ulivyosema. Mimi mwenyewe, mchana, watu wakiwa shambani. Imebaki nafasi, punje ya ngano na zaidi kidogo. Basi mdomo ni mzima. Lakini kama ni mzima, kwa nini inatupa kulia? Kijifereji sijaweza kukisikia, kidole changu kimeungua kwenye tanuri ya mkate.

Nazeef alilala msikitini Peshawar. Nilimuuliza kwa upole, nikijifanya nazungumzia safari. Alinitazama, akasema, "Shemeji, umekuwa polisi lini?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Umeandika kurasa mbili kuhusu wateja na punda na kamba. Swali la pili hukulijibu. Nilikuuliza kama uliipiga. Wewe uliyenizoeza kusoma swali mpaka mwisho.

Mama mkwe amesikia barua imefika. Akaja na ungo wake wa kupepeta, akaketi, akasema: "Soma." Nikasoma yanayosomeka. Akapepeta. Akasema, "Maneno mengi. Sawa. Kama hakuiba, aje mwenyewe siku ya harusi, asimame mbele ya watu wa Chinarkot, apige. Kwa bunduki aliyosema inaweka tano ndani ya kiganja, moja katika tatu ni jambo gani kwake?" Majirani wakasema kweli. Nami, kaka, nilisema kweli. Nilitaka useme ndiyo. Ungekuja ungepiga na yangekwisha.

Utakuja?

Chini ya bahasha, unywele wa Zarka, mwekundu kidogo kwenye jua. Usiseme hukuuona.

Bakhtmina

*

Darra
20 Septemba 1994

Mdogo wangu,

Mbuzi alikuwa na pembe moja. Ya pili aliivunja kwenye lango la shule. Mlango niliuacha mimi, na wewe ukasema ni wewe, ukapigwa fimbo mbili. Sijawahi kukushukuru. Je, sasa ni mimi?

Hakuna mtu aliyeketi pembeni. Mwandiko ni wangu. Nilitaka kukuambia barua ya kwanza nikashindwa, nikakuandikia punda.

Siku ya tatu baada ya Nazeef kuleta bunduki, nilikuwa nikijaribu bastola ya mteja mmoja, na ganda likapasuka nyuma. Kipande kidogo kuliko punje ya ufuta. Jicho la kulia lilitoka maji wiki mbili, kisha likazimika. Naona nuru ya dirisha, basi. Jicho hilo ndilo nililokuwa nikilengea tangu nina miaka kumi. Tajiri wangu hajui. Nimesema ni vumbi la tupa, na navaa miwani nyeusi kama dereva wa teksi. Mjaribu bunduki mwenye jicho moja anafanya kazi gani Darra? Anauza chai.

Tangu wakati huo najaribu kwa jicho la kushoto, na mkono haujalizoea. Bunduki nyingine nimeziandikia "mbaya" kumbe mbaya ni mimi. Hilo nitaulizwa siku ya hesabu. Lakini ya baba mkwe wako sikutaka kuisingizia. Ile ilikutoa wewe nyumbani kwetu. Nikaikagua kwa mikono, siku mbili nzima. Nikaandika risasi tano ndani ya kiganja kwa sababu hivyo ndivyo ingepiga mikononi mwa mwenye macho. Sikuipiga, Bakhtmina. Hata moja. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. La kwanza: mtutu sikuugusa.

Mama mkwe wako ana haki ya nusu. Kikaratasi kilikuwa cha uongo. Mtutu ni wa kweli.

Nitakuja kupiga, kama anataka. Nitakosa zote tatu mbele ya kabila zima, na watasema mwizi na tena kipofu. Nisipokuja watasema mwizi na tena mwoga. Chagua wewe, mimi nimechoka kuchagua.

Lakini kabla hujachagua, sikiliza. Ilipotoka mikononi mwangu, mbao ya mbele ilikuwa imeushika mtutu kama mkono unavyoshika ndege, haubani wala hauachii. Nilipitisha karatasi ya pakiti ya sigara katikati ya chuma na mbao, ikapita pande zote mbili sawasawa. Hizi bunduki za Mwingereza tabia yao iko hapo. Mbao ikivutwa upande mmoja, inausukuma mtutu, na risasi inakwenda inakosukumwa. Na kama skrubu ya tumboni imelegea, kila risasi inakwenda kivyake. Kulia, na hazikai pamoja. Hayo ni maneno yako mwenyewe ya barua ya kwanza.

Kwa hiyo kuna kitu kimeivuta. Si mara moja, haikuanguka, kuanguka kunaacha jeraha. Kitu kimevuta polepole, siku nyingi, upande mmoja. Bunduki inakaa chumba cha nani? Nani anaigusa, anatundika nini juu yake? Nasema tena simsingizii mtu, lakini safari hii namshuku mtu. Mchunguze Nazeef.

Shamroz

*

Barkand
27 Septemba 1994

Kaka yangu,

Ni mimi.

Nimeandika hivyo kwanza ili nisije nikaizunguka siku nne.

Bunduki inakaa chumbani kwangu, kwa kuwa baba Zarka ndiye mkubwa, ijapokuwa yuko Karachi na lori lake. Imelala juu ya vigingi viwili ukutani, karibu na dari. Komeo lake, kile chuma cha kusukumia risasi, mama mkwe amelifungia kwenye sanduku lake, kwa hiyo hapo juu ni chuma na mti tu, haiwezi kumdhuru mtu. Mwezi wa sita boriti ya dari ililiwa na mchwa, na kulabu ya susu ya Zarka, kitanda chake cha kuning'inia, ikang'oka. Nikamlaza chini kwenye mkeka. Asubuhi ya pili nikainua mto wake nikakuta nge chini yake, mkubwa, wa manjano, ametulia kama mgeni aliyekaribishwa. Kaka, nilimnyakua Zarka nikasahau hata kumpiga. Nikatazama juu. Vigingi vya mti wa jozi, bunduki ya chuma, imebeba vita viwili. Nikafunga kamba moja ya susu shingoni kwa kitako na nyingine kule mbele, penye mbao. Zarka akalala mpaka adhuhuri.

Tangu mwezi wa sita mpaka juzi. Nilikuwa nikimbembeza kwa mguu huku nikishona. Na susu, kwa sababu mlango uko kushoto na mimi naketi kulia, nilikuwa nikiivuta upande wangu. Kila siku, kaka, upande wangu. Nazeef akitaka bunduki nafungua kamba kabla hajaingia, kwa kuwa wanawake hapa wanasema mtoto hatundikwi kwenye silaha. Niliogopa kusemwa kwa hilo. Nikawaacha waseme wewe ni mwizi.

Jana nilimwambia mama mkwe. Alikuwa anapanga mahindi juu ya paa. Nikasema yote, nge na kamba na mguu. Sikumficha jicho lako pia, unisamehe, nisingeweza kueleza kikaratasi bila jicho. Akaendelea kupanga mahindi. Baadaye akauliza, "La kulia au la kushoto?" Nikasema la kulia. Akasema, "Umri gani?" Nikasema ishirini na nane. Akasema, "Ilete."

Nikaileta. Akakaa nayo magotini, akapitisha kidole cha shahada mdomoni mwa mtutu, akizunguka, akizunguka. Kikasimama upande wa kushoto. Kile kidole kilikaa pale kama kimekamatwa. Halafu akasema, "Kila Ijumaa. Mafuta yake yalikuwa yakinichafulia mkeka. Nilikuwa namwambia, we mzee, huyo mke wako wa chuma msafishie nje."

Nikafikiri yamekwisha. Nikasema, "Basi, mama, kaka yangu si mwizi?"

Akanifutia machozi kwa kitambaa cha kufungia mahindi, lakini alivyosema ni hivi: "Mtutu ni wa mume wangu. Lakini karatasi ilidanganya, na wewe ulinyamaza mwezi mzima, ukoo wenu unajua kunyamaza. Neno nililisema mbele ya watu. Nitaliondoa mbele ya watu, siku jiwe la Jarnail litakapovunjika. Kabla ya hapo sijui. Na huyo asije kupiga, kipofu atatuaibisha. Apige Nazeef."

Nazeef alikuwa kwenye ngazi, kumbe anasikia. Akasema, "Na mimi mlinishuku, eti shemeji? Peshawar nililala wapi?" Nikataka ardhi inimeze. Akasema, "Nililala msikitini na bunduki nimeikumbatia, mpaka imamu akaniuliza kama ndiyo bibi harusi."

Siku kumi na saba zimebaki. Niambie cha kufanya, pole pole, kama ulivyonifundisha alifu. Mimi ndiye nitakayesoma na Nazeef atashika bisibisi.

Zarka analala na bibi yake siku hizi. Chumba kimekuwa kikubwa.

Dada yako aliyekukosea,
Bakhtmina

*

Darra
2 Oktoba 1994

Mdogo wangu,

Nimempa barua hii dereva wa basi mwenyewe mkononi, nimemwapisha kwa watoto wake.

Ilazeni bunduki juu ya mto, tumbo juu. Kuna skrubu mbili, moja mbele ya kifyatulio, moja nyuma. Legezeni ya nyuma kwanza, kisha ya mbele, halafu mfungue vile vyuma vinavyoifunga mbao karibu na mdomo, na mbao itoke yenyewe, msiipige. Tazameni ndani ya mbao. Pale inapoubana mtutu patakuwa panang'aa, peusi, kama kola ya shati la fundi. Najua patakuwa upande gani na wewe unajua. Pakwangueni kwa kipande cha chupa, si kisu. Kwangua, rudisha, pitisha karatasi. Kwangua, rudisha. Karatasi ikipita bila kugoma, acha, hata kama mkono unawasha kuendelea. Mbao ukishaikwangua hairudi. Kisha kaza skrubu ya mbele kwa nguvu zako zote, ya nyuma kwa nusu ya nguvu zako.

Pigeni risasi tano mkiwa mmeegemeza bunduki kwenye gunia la unga. Nazeef asitazame risasi ilikokwenda mpaka amalize zote tano. Mtu akitazama anaanza kujisahihisha, na hapo hujui tena unampima nani, yeye au bunduki. Kosa langu la miezi mitano.

Nilikwenda kwa tajiri nikavua miwani. Nikasema sioni. Akaendelea kunywa chai. Akasema, "Nilijua tangu mwezi wa sita. Unadhani sikuona ukimimina chai nje ya kikombe?" Nikamuuliza kwa nini hakunifukuza. Akasema alikuwa anasubiri aone nitaendelea kumdanganya mpaka lini. Kesho nahamia kwenye meza ya kutengeneza mbao za bunduki. Zile bunduki nilizoziita mbaya nitazirudia moja moja kwa karatasi ya sigara. Ameshaniletea sita.

Kuhusu kosa lako: ningekuwa na mtoto na nge chumba kimoja, ningetundika susu kwenye minara ya msikiti.

Mama mkwe wako ana haki. Nitasubiri jiwe.

Shamroz

*

Barkand
9 Oktoba 1994

Kaka,

Upesi, basi linapiga honi huko chini.

Pale peusi palikuwa upande wa mlango. Nilikuwa nikiivuta mbao kwangu, na ukingo wake wa kushoto ukausukuma mtutu kulia. Nazeef alikwangua, mimi nikapitisha karatasi, mama mkwe akatushikia taa mchana kweupe kwa sababu hatukuamini macho yetu. Mara tatu alisema, "Acheni, mtaimaliza!" Mara ya nne karatasi ikapita.

Tano kwenye gunia. Nilikwenda kuzitazama mwenyewe na Zarka mgongoni. Nikaweka kiganja juu ya matundu kwenye ubao tuliolenga. Manne yalifunikwa, la tano lilichungulia karibu na kidole gumba. Zinalala kulia kidogo bado, upana wa mkono, lakini zote pamoja, kama watoto chini ya mfarishi mmoja. Nazeef anasema atalenga ukingo wa kushoto.

Jarnail tunasikia ametafuta jiwe lisilo jeupe. La kijivu, juu ya mwamba wa kijivu, na amepanga saa ambayo jua linakuwa machoni. Nani wa kumlaumu, na sisi tumelaumu watu wote.

Leo siweki unywele.

Bakhtmina

*

Barkand
14 Oktoba 1994

Kaka Shamroz,

Naandikia juu ya paa. Zarka nimemfunga kwa kitambaa kwenye kiuno changu asije akatembea hewani, ametafuna mkate wa mahindi mpaka amefanana na mwashi. Wote wamekwenda Chinarkot tangu alfajiri na ngoma. Nyumbani tumebaki mimi na mama mkwe, yeye wa kumpokea bibi harusi, mimi wa kupika wali. Chinarkot haionekani kutoka hapa, mlima umeziba, lakini sauti inafika. Tumepatana: jiwe likivunjika ngoma italia. Zikikosa, kimya.

Mama yuko uani anafagia mahali palipokwisha fagiwa. Hajaniita kitu chochote tangu asubuhi, si mama Zarka wala dada wa fundi.

Imelia ya kwanza. Mlima umeirudisha mara mbili. Ngoma kimya.

Huenda ni jua. Huenda amesahau ukingo wa kushoto. Au tulikwangua kupita kiasi, kaka, ile mara ya nne, mkono wangu ndio uliosema bado. Mama ameacha kufagia. Anatazama mlima kama unamdai.

Ya pili. Kimya. Nimesikia watu, kelele, sijui za kucheka au za nini. Chinarkot wanajua kucheka.

Namwona Nazeef bila kumwona. Najua anapumua vipi, ameegemea jiwe, hatazami zilikokwenda, nilimwapisha. Anakosa nini kama anafanya kama ulivyosema? Wewe ungekuwa hapa ungepitisha kidole mahali ungejua. Mimi ninajua kuandika tu. Mama amekaa chini, palepale kwenye vumbi, ufagio magotini kama alivyoshika ile bunduki. Nimetaka kushuka nikae karibu naye, naogopa atanifukuza. Zarka anamwita, "Bii! Bii!"

Wanachelewa. Jarnail atakuwa anasema kitu, ili mkono wa kijana utetemeke. Mwambie anyamaze, Mungu wangu.

Ya tatu.

Mlima umeirudisha mara moja, mara mbili. Zarka ameacha kutafuna. Kuku wamekimbilia bandani, na bado

Ngoma! Kaka, ngoma, ngoma mbili, na zumari juu yake, na bunduki nyingine zote zinapigwa hewani hovyo, hazina adabu wala haja ya kulenga. Usinichape vidole, najua nimetoka kwenye mstari. Mama amesimama na vumbi lake. Majirani wanatoka milangoni, anawapungia ufagio waje karibu, anasema njooni nyote, kuna neno. Sasa ananiita mimi. "Mama Zarka! We mama Zarka! Shuka, lete Msahafu bibi harusi apite chini yake, wali unaungua! Na hiyo karatasi usiifunge kwanza, kabla hujashuka mwandikie!" Naja, mama! Kaka, anasema mbele yao wote, anasema nikuandikie sasa hivi kwamba wewe si